Bahasha Yenye Jina la Violeth

Kabla ya saa tatu asubuhi picha ile ilikuwa imeshatazamwa na kila askari aliyekuwa zamu, na wawili ambao hawakuwa zamu. Koplo Lukresia Shija aligundua hilo kwa kuiangalia bahasha tu. Juzi jioni ilipopokelewa kaunta kuwa kielelezo, ilikuwa ngumu na pembe zimesimama. Leo ilikuwa imelegea, na kwenye mdomo wake kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta.

"Hii nakupa wewe," alisema Afande Maganga, mkuu wa upelelezi wa Bariadi, akiisukuma bahasha kwa ncha ya kalamu, utadhani hajawahi kuigusa. "Ni mambo ya wanawake."

"Mlalamikaji ni mwanaume, afande."

"Mlalamikaji ni mume. Picha ni ya mke. Usinichoshe, Koplo."

Lukresia hakumchosha. Alikuwa na miaka kumi na miwili kazini, mwanamke peke yake katika chumba kile, na alishajifunza kuchagua siku za kuchosha watu. Aliitazama tu sahani ya maandazi mbele ya afande, kisha akafungua jalada.

Lilikuwa na karatasi mbili. Mayige, mkulima wa pamba wa ng'ambo ya mto na tangu msimu huu wakala wa kampuni binafsi ya kununua pamba, alikwenda studio ya Jabiri Jumatatu kuchukua picha zake ndogo za kitambulisho. Akapewa na bahasha nyingine yenye jina la mkewe, Violeth, mwalimu wa shule ya msingi. Akaifungua njiani. Jumatano akaja kumshtaki Jabiri kwa kumpiga mkewe picha ya uchi. Alhamisi asubuhi Jabiri akapanda basi la Mwanza. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Ametoroka," alisema Maganga. "Kesi imejimaliza yenyewe. Tafuta negativu, tafuta kama kuna picha nyingine, halafu tumkamate akirudi."

"Na huyo mwanamke?"

"Wazee wa ukoo wa mume wanakaa leo saa nane. Hilo si letu."

Lukresia alikuwa Msukuma wa Maswa na alijua kikao cha namna hiyo kinamaliza nini. Violeth akionekana ana kosa, atarudishwa kwao leo hii, na watoto wake wawili watabaki kwa baba yao. Tena walikwishaondolewa. Juzi walipelekwa Kimali kwa shangazi yao, ili kilio cha mama kisije kuwavuruga wazee. Jalada la polisi lingeweza kulala mwaka mzima kabatini, lakini wazee wasingengoja hata jua lizame.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Lukresia alichukua bahasha akatoka.

Violeth alikuwa kwenye benchi nyuma ya kaunta. Alikuja mwenyewe alfajiri, baada ya vijana kuipigia miluzi nyumba ya walimu alikolala. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, paji pana, kidevu chenye kishimo, na kanga aliyojifunga mpaka shingoni ingawa joto lilishaanza. Lukresia alimwingiza chumba cha stoo, akafunga mlango.

"Mwangaluka, mwalimu," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Nataka uitazame picha hii, uniambie ilipigwa wapi."

Violeth aligeuza uso ukutani. "Sitaki kuiona."

"Hujaiona?"

"Nani anionyeshe? Mume wangu amewaonyesha kaka zake, amewaonyesha wazee, amemwonyesha mwalimu mkuu. Mimi naambiwa tu picha yako ipo. Hata huyo mwalimu mkuu, jana aliongea na mimi anaangalia ubao."

"Kwa nini hukukana?"

Violeth alikaza fundo la kanga shingoni.

"Kwa sababu ipo," alisema.

Kalamu ya Lukresia ilisimama.

"Mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, mwenzetu mmoja alikuja na kamera ya kaka yake. Tulikuwa tumetoka kuoga. Ulikuwa utani wa bwenini, afande, tulicheka mpaka matroni akagonga mlango. Nilishika kanga hapa, halafu nikaiachia. Mara moja tu."

"Filamu ilisafishwa na nani?"

"Sijui. Sikuiona tena. Miaka tisa, kila nikikuta watu wamekusanyika wanaangalia picha, nageuza njia. Sasa imefika. Nitakanaje kitu nilichokifanya?"

"Filamu ya rangi au ya kawaida?"

"Ya rangi. Ndiyo maana tulikuwa na wazimu nayo."

Lukresia aligeukia dirisha akaitoa picha. Kuanzia kiunoni kwenda juu alisimama mwanamke kijana mwenye kifua wazi, anaiangalia kamera bila tabasamu na bila haya yoyote. Paji lilikuwa lile lile, na kidevu ni kile kile chenye kishimo. Mtu yeyote anayemfahamu Violeth angeapa ni yeye. Ila picha haikuwa ya rangi.

Kulikuwa na jambo la pili. Mstari mwembamba ulikatiza kutoka bega la kushoto mpaka kwapani, kama mahali karatasi ilipokunjwa. Lukresia alipitisha ukucha juu yake mara mbili. Karatasi ilikuwa laini kabisa. Mkunjo ulionekana kwa macho lakini haukushikika kwa mkono.

"Usiondoke hapa," alimwambia Violeth. "Nitakuja kukuchukua."

"Afande, watoto wangu..."

"Najua. Ndiyo maana nakimbia."

Studio ya Jabiri ilikuwa kando ya soko, chumba kimoja cha mbele chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na chumba cha giza nyuma. Ukutani zilijaa picha za maharusi na kipaimara. Juu ya meza ilining'inia kalenda kutoka Dar es Salaam, ya msichana aliyeegemea pikipiki. Mtu alikuwa amembandika karatasi ya kaki kuanzia shingoni mpaka magotini, kwa gundi nyingi na kwa hasira.

"Nimembandika mimi," alisema Mwanaasha, mke wa Jabiri, alipoona Lukresia anaitazama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ushungi mweupe. "Wateja wa siku hizi wanataka vitu hivi. Jabiri anasema ndiyo biashara huria. Mimi nikamwambia uhuria wako uishie nje ya mlango wangu. Karibu, afande."

"Jabiri yuko wapi?"

"Mwanza."

"Ametoroka."

"Atoroke nini? Kila Alhamisi anapeleka filamu za rangi Mwanza, hapa tunasafisha nyeusi na nyeupe tu." Alinyoosha mkono kwenye msumari ulioshika tiketi za basi. Lukresia alizitoa, akazipitia moja moja. Zote zilikuwa za Alhamisi kwenda na Ijumaa kurudi, tangu mwezi wa kwanza. Mtu aliyetoroka hatoroki kwa ratiba. Alizirudisha msumarini.

Aliweka picha mezani kifudifudi, muhuri wa studio ukiwa juu. "Karatasi ni yenu?"

"Yetu."

"Nani alimpiga picha huyu mwanamke?"

"Hakupigwa na mtu hapa."

"Muhuri wenu, karatasi yenu, halafu hakupigwa na mtu?" Lukresia aliigeuza picha. "Basi njoo unionyeshe mkunjo huu. Nauona, lakini nikipapasa haupo. Leta kidole chako."

Mwanaasha hakuleta kidole. Alishuka taratibu akakaa kwenye kigoda cha wateja, mbele ya maporomoko ya maji, na kwa muda akafanana na mtu aliyekuja kupigwa picha.

"Nilimwambia Jabiri amfunike yule bibi," alisema. "Akasema yeye anatoa anachopewa."

"Bibi gani?"

"Bibi wa Kisukuma, kaja na basi la Maswa siku ya mnada. Kaleta picha yake ya usichana. Mchwa wameila kuanzia hapa." Alijigusa kiunoni. "Akasema nitoleeni sehemu nzima iliyobaki, iwe kubwa, niitundike. Akasema binti yangu mwalimu hapa hapa Bariadi, atapita kuichukua. Nikamwuliza jina lake, akanitajia, mimi Kisukuma kinanipiga chenga. Nikaandika la binti."

"Violeth."

"Hilo niliweza."

Lukresia aliinamisha kichwa kwenye daftari ili Mwanaasha asimwone uso. Miaka tisa ya kugeuza njia, na jina limeandikwa kwa sababu lilikuwa rahisi kuandika.

"Jumatatu ukampa mumewe bahasha."

"Alikuja kuchukua zake. Nikaona jina, nikasema chukua na ya mkeo. Nilidhani nasaidia."

"Na Jumanne ukakaa kimya? Na Jumatano?"

"Jumatano kaingia humu na wanaume wanne wenye fimbo! Hakuuliza, alitukana. Jabiri akaniambia tukifungua mdomo tutaulizwa kwa nini tumetoa picha ya uchi, na studio itachomwa." Alimtazama Lukresia kwa macho yaliyolowa. "Na wewe niambie, afande. Ya zamani, ya sasa, uchi si uchi?"

Lukresia hakuwa na muda wa swali hilo. "Picha ya bibi mwenyewe iko wapi?"

Za kale zilihifadhiwa kando, ndani ya boksi la karatasi za picha, zisichanganyike na nyingine. Hii ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kanga. Wanawake watatu walisimama bega kwa bega, wote vifua wazi, shanga nyingi shingoni, mipini ya majembe mikononi, kama wacheza ngoma ya jembe. Tumboni kwa kila mmoja zilionekana safu za chale. Chini ya viuno karatasi ilikuwa matundu matupu. Mkunjo ulikatiza bega la yule wa katikati, na safari hii ukucha wa Lukresia ulikwama.

Alichukua picha ya bahasha akailinganisha. Jabiri alikuwa amekata wenzake wawili, majembe yakaondoka nao. Shanga za katikati zilififia kwenye kivuli cha shingo. Chini kabisa ilibaki safu moja tu ya chale, hafifu, unayoweza kuidhania vumbi la filamu. Mchwa walikula nguo na Jabiri akakata ngoma. Kilichobaki kikaitwa uchi.

Nyuma ya picha ya zamani, kwa wino uliogeuka kahawia, mtu alikuwa ameandika: Ipililo, 1954. Yakafuata majina matatu. La katikati lilikuwa Nyanjige.

Mwanaasha alitia sahihi maelezo yake. Saa sita ilikuwa imekwishapita.

Gari la kituo lilikuwa limekwenda Maswa. Lukresia aliazima baiskeli, akampakia Violeth nyuma, na kwenye mchanga wa mto mkavu wakashuka wakaisukuma wote wawili. Lukresia hakumwambia alichokipata. Alihitaji kwanza mtu mmoja athibitishe, na kazi yake ilimfundisha kutowapa watu matumaini nusu. Violeth naye hakuuliza lolote kuhusu studio. Aliuliza saa ngapi, akauliza tena, akauliza mara ya tatu kabla hawajapanda ukingo.

Walipofika kwa Mayige ilikuwa saa saba na nusu, na wazee walishaanza. Walikuwa wamekaa tangu saa sita. Wazee saba walikuwa kwenye viti vifupi katikati ya uwanja. Mzee Luhaga, baba mdogo wa Mayige na mkuu wa kikao, alikuwa na mkono juu, kama mtu anayefikia mwisho wa maneno yake.

Lukresia alikwenda kwanza nyuma ya ghala.

Kama alivyotarajia, mama mzazi wa Violeth alikuwa ameitwa kutoka Ipililo kuja kumpokea binti yake. Na kama desturi inavyotaka, alikuwa amekaa huko peke yake, amewapa mgongo wanaume, kwa sababu mkwe wake alikuwepo uwanjani. Kwa miaka minane Mayige hakuwahi kula mbele yake, hakuwahi kuingia chumbani kwake, na wakikutana njiani alipita porini akifunika uso.

"Mwadila, mayu," Lukresia alimsalimia, akimwita mama.

"Mwadila, mwanangu."

Lukresia alimwekea picha ya bahasha mapajani. Nyanjige aliishika mbali na macho, kisha karibu, na uso wake wote ukafunguka.

"Jabiri ameniweza," alisema. "Angalia. Mwaka huo tuliwashinda watu wa Maswa mjini kwa ngoma ya jembe. Mzungu wa kilimo ndiye aliyetupiga picha."

"Mayu, wanaume wanasema huyu yuko uchi."

Nyanjige aliitazama tena, safari hii kwa muda mrefu, akitafuta kitu ambacho alikuwa hajakiona kwa miaka arobaini.

"Uchi gani? Shanga zangu hizi hapa. Tulikuwa tumependeza." Halafu mkono wake ukasimama. "Ni hii? Picha wanayosema ni ya mwanangu ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Nani ameiona?"

Lukresia hakutaka kumjibu, lakini alimjibu. "Mkwe wako. Na wote wale."

Nyanjige alirudisha picha, akavuta kitenge kutoka mabegani akajifunika kichwa chote.

Uwanjani Mzee Luhaga hakufurahi kumwona Lukresia. "Ng'wana Shija, hatukuita polisi hapa."

"Nimekuja kumalizia maelezo ya mlalamikaji, mzee. Maswali machache tu, niondoke."

Mayige alisimama. Alivaa kofia mpya ya kampuni, na kwenye mfuko wa shati kulikuwa na kalamu mbili.

"Una hakika aliye kwenye picha ni mkeo?"

"Nimekaa naye miaka minane."

"Umeitazama vizuri?"

"Mara nyingi. Mpaka macho yameuma."

Lukresia aliandika, na akasoma kwa sauti alichoandika. "Na uliwaonyesha nani?"

"Kaka zangu. Mwalimu mkuu. Wazee wote hawa, kila mmoja ameishika. Ni mashahidi." Wazee waliitikia kwa vichwa.

"Mwalimu Violeth ana chale chini ya kifua?"

Mtu mmoja alikohoa. Violeth, aliyekuwa amesimama kando ya baiskeli, alitazama chini.

"Hilo ni swali gani?" Mayige alisema.

"La kipolisi. Kwenye picha kuna safu ya chale. Hii hapa. Mkeo anazo?" Lukresia aliiweka picha ya bahasha juu ya goti la Mzee Luhaga, kidole kwenye safu ile.

"Sijui."

"Miaka minane?"

"Mimi sijawahi kumwona mke wangu taa ikiwaka!" Mayige alipaza sauti, kwa uchungu wa mtu aliyevunjiwa heshima. "Ni mwanamke mwenye adabu!"

Alilisikia neno lake mwenyewe baada ya kulitoa. Wazee pia walilisikia, na hakuna aliyecheka, kwani wengi wao wasingeweza kujibu tofauti.

Lukresia alitoa picha ya zamani ndani ya kipande cha kanga, akamwonyesha Mzee Luhaga upande wa maandishi. "Nisome mimi au utasoma mwenyewe?"

"Soma."

"Ipililo, 1954. Huyu wa katikati ndiye yule yule wa kwenye bahasha. Mchwa wamekula chini, Jabiri akatoa juu. Mwaka huo ilikuwa bado miaka kumi na miwili Violeth azaliwe." Alisita, akamwangalia Mayige, na kwa kitambo kidogo akamhurumia. "Jina lake ni Nyanjige."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Mzee Luhaga, ambaye picha ya bahasha ilikuwa bado juu ya goti lake, aliigeuza kifudifudi kwa haraka ya mtu aliyeshika kaa la moto.

"Nyanjige yupi?"

"Yule aliyekaa nyuma ya ghala."

Kofia ya Mayige ilianguka. Aliinua mkono akafunika macho, kama alivyofanya miaka yote akimwona mkwewe njiani, na akabaki hivyo, amesimama katikati ya watu.

"Mimi sikuiona vizuri," alisema mzee mmoja.

"Mimi sikuiona kabisa," alisema mwingine, yule aliyekaa nayo muda mrefu kuliko wote.

Violeth alikuja katikati ya uwanja bila kuitwa. "Watoto wangu," alisema.

Luhaga alisafisha koo mara mbili. Alipozungumza alimsemesha Mayige, si Violeth. Alisema kikao kimepata kosa, ila si kwa mwanamke. Alisema ng'ombe mweupe atatoka leo kwenda Ipililo kuondoa aibu kwa mama mkwe. Alisema watoto wafuatwe Kimali sasa hivi, kwa baiskeli mbili, na Mayige aende mwenyewe. Mayige aliondoka mkono ukiwa bado usoni, akijikwaa kwenye viti.

Lukresia alichukua picha zote mbili akazirudisha kwenye jalada. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Violeth alimfuata mpaka kwenye baiskeli. "Sasa naweza kuiona?"

Aliitazama kwa muda. Alimpapasa yule msichana kidevu, penye kishimo, halafu akajigusa cha kwake. Nyuma ya ghala mama yake alikuwa bado amejifunika.

"Alikuwa mzuri," alisema Violeth. Kisha akaongeza polepole, bila kuinua macho: "Afande. Na ingekuwa mimi?"

Lukresia alitazama uwanjani. Wazee walikuwa wanabishana kuhusu ng'ombe, na sauti zao zilikuwa zimerudi kuwa za kawaida. Kila mmoja wao alikuwa ameona kwamba haki imetendeka. Lukresia akafungua daftari ukurasa mpya.

"Yule mwenzenu mwenye kamera," alisema. "Anaitwa nani?"

"Nyamizi. Anafundisha Maswa."

"Basi la kwanza la Maswa linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Lukresia aliandika jina, akapiga mstari chini yake. "Kesho saa kumi na moja na nusu nitakukuta stendi, tukaitafute ile filamu."